Ukuta wa Darasa la Pili

Nchi yenyewe ipo, ila tusiitaje. Ni nchi inayopenda mambo yawe wazi, na ingeudhika sana kusikia imetajwa hadharani.

Serikali ya nchi hiyo ilipopitisha Sheria ya Uwazi, kila mji uliamriwa kuajiri Afisa Uwazi. Kazi ya afisa huyo ilikuwa kuhakikisha kwamba wananchi wanajua kila wanachostahili kujua. Ili asije akapitiwa akawaambia wasichostahili, alipewa ofisi isiyo na dirisha, akaapishwa kiapo cha kutunza siri.

Katika mji mdogo wa Kitanzu kazi hiyo aliipata Bashiru Ndomba. Hakuipata kwa elimu, ingawa elimu alikuwa nayo. Aliipata kwa sauti. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, sauti ya kutangaza taarifa ya habari, na akisema "hali ni shwari" hata mwenye nyumba inayowaka angetua ndoo akafikiri upya. Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Tindwa, alimsikia mara moja tu akitangaza mnada wa ng'ombe, akasema, "Huyo ndiye. Mleteni."

Bashiru alikuwa mtu mpole, mwenye mke mmoja na binti mmoja. Mkewe, Hidaya, alikuwa mwalimu wa darasa la pili katika Shule ya Msingi Kitanzu. Binti yao, Zamda, alisoma darasa hilohilo, kwa mama yake. Na darasa hilohilo ndilo lililokuwa na ukuta.

Tuseme madarasa yote yalikuwa na kuta, lakini ukuta huu ulikuwa na habari zake. Ulikuwa upande wa uwanjani, mrefu, na ulikuwa umepasuka tangu chini hadi juu. Mwanzoni ufa ulipitisha sisimizi. Kisha ukapitisha mjusi. Mvua za masika zilipoanza, ukapitisha mkono wa mtoto hadi kwenye kiwiko, na ukuta wenyewe ukaanza kuinamia uwanjani kama mtu anayetaka kunong'ona jambo.

Fedha za kuujenga upya zilikuwa zimetengwa. Hilo kila mtu alilijua, maana Mheshimiwa Tindwa alilitangaza mwenyewe siku ya kuomba kura. Kwa hiyo kikao cha bajeti kilipoitishwa, wazazi wa darasa la pili walifika mapema na kujaa ukumbini.

Kikao kilikuwa cha wazi kabisa. Wananchi waliruhusiwa kuingia, kukaa na kupiga makofi. Maswali yao yalikaribishwa kwa moyo mkunjufu, mradi yaulizwe baada ya kikao kufungwa na madiwani kuondoka. Madiwani walisoma vifungu, wakakubaliana, wakasoma vingine, wakakubaliana tena, na mtu ambaye hakusikiliza vizuri angedhani wanasali.

Kabla hawajafika mwisho, mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa Mama Sijali, muuza mkaa, mwenye watoto wawili pale shuleni.

"Mheshimiwa, na ukuta?"

Mgambo wawili walimwendea. Mheshimiwa Tindwa akawazuia kwa mkono. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alipenda kuonekana mvumilivu mbele za watu.

"Mama yangu," alisema, "swali lako ni zuri, japo limekuja kabla ya wakati wake. Hebu nikuulize nami. Ukuta kazi yake nini?"

"Kuzuia mvua. Kushika paa."

"Kuzuia!" Mheshimiwa akawageukia madiwani. "Mmesikia? Kuzuia. Ukuta ni kitu cha kuzuia watu wasione. Sasa sisi, serikali ya uwazi, tutasimama na uso gani mbele ya taifa tukisema tunajenga kuta? Fedha zile tumezihamisha, kwa uchungu mkubwa, ziende kwenye Sherehe ya Siku ya Uwazi. Waziri mwenyewe anakuja Kitanzu! Na ule ufa unaousema si ufa, mama. Ni dirisha linaloanza."

Madiwani walipiga meza. Bashiru, aliyekaa pembeni na kipaza sauti chake, alitazama chini. Maneno yale ya dirisha linaloanza alikuwa ameyatunga yeye, wiki iliyopita, kwa ajili ya tangazo, na wakati huo yalimchekesha.

"Watoto wetu wataumia," alisema Mama Sijali.

"Kikao kimefungwa," alisema Mheshimiwa. "Sasa maswali yanaruhusiwa." Akaondoka.

Jioni ile Hidaya hakumwekea mumewe chakula. Alikaa kwenye mkeka, vumbi jeupe limemganda kwenye nywele.

"Leo umetema," alisema.

"Nini kimetema?"

"Ukuta. Nawafundisha watoto kutoa kwa kukopa, nikasikia kitu kinalia kama mtu anasaga meno. Kisha pande la lipu likaruka likaangukia dawati la mbele. Mwenye dawati alikuwa ameomba ruhusa kwenda chooni, Baba Zamda. Ameomba ruhusa, ndiyo pona yake."

Bashiru akaketi. "Ukafanyaje?"

"Nikawatoa wote, nikawafundishia nje. Haukupita muda akaja mtu wa Halmashauri na pikipiki. Nimehamisha wanafunzi bila kibali, eti. Nirudi ndani kesho au nihamishwe mimi." Alijipangusa uso. "Na kuna jingine. Siku ya Uwazi, darasa langu ndilo litakalomwimbia Waziri. Wamechagua na mahali pa kusimama."

"Wapi?"

"Wewe ndiye Afisa Uwazi, hujui? Chini ya ukuta. Kwa upande wa nje. Wamepaka rangi, wakachora picha ya Mheshimiwa Tindwa kuanzia chini mpaka juu, ili ule ufa usionekane. Unapita katikati ya paji la uso wake, wameufanya mkunjo wa fikra."

Kutoka chumbani Zamda alisikika akifanya mazoezi ya wimbo. "Karibu mgeni wetu, Kitanzu kweupe..." Aliimba kwa bidii, akikosea palepale kila mara.

"Nitaongea na Mwenyekiti," alisema Bashiru.

"Ongea. Lakini mimi nakuambia mapema. Sitawasimamisha watoto pale. Wanifukuze, wanifunge, watakavyo."

Kesho yake Bashiru alimkuta Mheshimiwa Tindwa ofisini akipimwa suti. Fundi alikuwa amemzungushia utepe kiunoni, na Mheshimiwa alikuwa amebana pumzi, kwa hiyo mwanzoni alisikiliza vizuri.

"Mheshimiwa, nilikuwa napitia ratiba ya sherehe. Naona ngoma zimefutwa. Watu wa Kitanzu hawajawahi kufanya sherehe bila ngoma. Nitaambia wananchi sababu gani?"

"Waambie ni sherehe ya utulivu."

"Na sababu yenyewe?"

Mheshimiwa aliachia pumzi. Akamwashiria fundi atoke. Mlango ulipofungwa, alimsogelea Bashiru na kuzungumza kwa upole wa baba.

"Mhandisi alipita. Hakuteremka garini, lakini aliona. Akashauri pasiwe na mitetemo karibu na ule ukuta. Kwa hiyo unaona, tumelishughulikia. Tumefuta ngoma."

Usiku kucha Bashiru alikuwa akijiambia kwamba Mheshimiwa hajui, kwamba mtu akijua hawezi. Sasa alikuwa amesimama mbele ya mtu anayejua, tena anayejua vizuri, na mtu huyo alikuwa akijitazama kwenye kioo.

"Lakini watoto watasimama chini yake."

"Watoto ni wepesi. Wanaimba beti mbili, wanaondoka. Kwani ukuta umekuambia utaanguka lini?"

"Binti yangu yumo, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana nakuamini. Mtu mwenye mtoto wake pale hawezi kutangaza upuuzi akaleta taharuki." Alimpiga begani. "Na mkeo mwambie atulie. Kuna shule kule ng'ambo ya mto inahitaji mwalimu. Gari haifiki, lakini hewa yake nzuri. Wewe utakuwa mshereheshaji. Ile sauti yako, Bashiru! Wakati mwingine naisikia nikasahau hata jambo lenyewe."

Siku ya Uwazi ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na ikapumzika asubuhi hiyo tu, kana kwamba nayo imealikwa. Uwanja wa shule ulikuwa umefungwa kamba. Upande mmoja palikuwa na maturubai yenye viti vya kitambaa cheupe vya wageni. Upande wa pili, ukuta. Mheshimiwa Tindwa aliyechorwa alitabasamu kutoka kwenye msingi hadi kwenye paa, na kwa sababu ukuta uliinama, alionekana anawainamia watu wake kwa mapenzi.

Watoto wa darasa la pili walipangwa chini ya kidevu chake, soksi zimevutwa juu, nywele zimepakwa mafuta. Hidaya alisimama mwisho wa mstari. Mgambo wawili walikuwa wamewekwa nyuma yake, na alipojaribu kumshika mtoto wa kwanza mkono amtoe, mmoja akamkanyaga mguu kimyakimya na kumwambia, "Mwalimu, usituponze." Wazazi walikuwa nyuma ya kamba. Mama Sijali alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili.

Bashiru alisimama katikati ya uwanja na kipaza sauti. Alimwona mkewe. Hidaya hakumwita wala hakulia. Alimtazama tu, kisha akatazama juu, na Bashiru naye akatazama juu, akaona chembe za vumbi zinadondoka kutoka kwenye mkunjo wa fikra, taratibu, zikitua mabegani mwa watoto. Zamda alijipangusa, akidhani ni mdudu.

Magari yakaingia. Waziri wa Uwazi, Mheshimiwa Bi. Raufa, aliteremka akiwa na kofia pana ya bluu, na nyuma yake likafuata basi la bendi. Ilikuwa bendi ya wizara. Hakuna aliyeitangaza, maana safari za bendi ya uwazi zilikuwa siri. Bashiru aliona wanaume wakiteremsha tarumbeta, kisha ngoma, kisha ngoma kubwa zaidi, iliyobebwa na watu wawili. Aliona pia uso wa Mheshimiwa Tindwa ukibadilika rangi.

"Bendi itapiga watoto wakiimba," alisema Waziri kwa furaha. "Napenda sana mdundo."

Hapo ndipo Bashiru alipotakiwa kusema: Mheshimiwa Waziri, karibu maturubaini. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Angeweza kupiga kelele kwamba ukuta unaanguka, lakini alijua nani angeaminiwa, yeye au picha. Mgambo wangembeba, Mheshimiwa angecheka, na watoto wangeimba. Akakiinua kipaza sauti.

"Mheshimiwa Waziri," alisema kwa ile sauti yake, taratibu, kama anasoma hali ya hewa. "Kwa mujibu wa Itifaki ya Uwazi, kiongozi hakai chini ya turubai. Turubai linaficha. Kitanzu imeandaa mahali pa heshima kuliko pote, mbele ya macho ya wananchi, chini ya picha ya Mheshimiwa Mwenyekiti. Tunaomba wageni waheshimiwa wahamie ukutani. Watoto, kwa kuwa hawana hadhi ya kukaa hapo, wapishe haraka waende maturubaini."

Itifaki hiyo haikuwahi kuandikwa popote, lakini katika nchi ile hakuna aliyewahi kusoma itifaki yoyote, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema haipo.

"Vizuri sana!" alisema Waziri. "Na wapiga picha wasimame kule."

Hidaya alikuwa ameshawasukuma watoto kabla sentensi haijaisha. Mgambo, waliosikia neno itifaki, walimsaidia. Viti vyeupe vikabebwa upesi vikapangwa ukutani. Waziri akaketi, akaitengeneza kofia. Msaidizi wake akaketi. Kiti cha Mheshimiwa Tindwa kilikuwa katikati, chini kabisa ya mkunjo wa fikra.

Mheshimiwa alikuwa bado amesimama mbali, miguu imeota mizizi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Bashiru, "tunakusubiri."

Bashiru alimsindikiza hadi pale, akasimama kando ya viti, mgongo wake karibu na rangi mbichi. Aliusikia ukuta. Ulikuwa ukisaga meno, kama Hidaya alivyosema. Alitamani kukimbia, lakini alijua kwamba akikimbia yeye kwanza, jambo lote litakuwa lake.

"Keti basi, Tindwa," alisema Waziri. "Mbona unatoka jasho? Bendi!"

Mpiga ngoma kubwa akainua rungu.

"Ngoma isipigwe!" Sauti nyembamba ya Mheshimiwa ilipasuka. "Mheshimiwa Waziri, tusogee. Tusogee kidogo tu. Kuna jua."

"Hakuna jua. Kuna mawingu."

"Basi kuna baridi."

"Tindwa, unanifukuza kwenye kiti cha heshima?"

Rungu lilikuwa bado hewani. Punje ya lipu ikadondoka kwenye kofia ya bluu, ikatoa mlio mdogo. Mheshimiwa Tindwa aliitazama. Akamwinamia Waziri sikioni, na Bashiru akamsikia akinong'ona.

"Ukuta huu utatuua."

Bashiru akanyoosha mkono, akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Mheshimiwa, wananchi hawajasikia."

Mwenyekiti akamtazama. Bashiru alikuwa hajawahi kutazamwa vile, na hakuwahi kulisahau jicho lile. Rungu likaanza kushuka.

"Ukuta utaanguka!" Mheshimiwa alilia ndani ya kipaza sauti, na spika zote za uwanja zikalia naye. "Umepasuka! Nilijua! Mhandisi aliniambia! Kimbieni!"

Wakakimbia. Waziri alikimbia mbele, kofia mkononi, na kwa umri wake alikimbia vizuri. Msaidizi akamfuata, Tindwa akamfuata, Bashiru akaja wa mwisho akiburuta waya wa kipaza sauti. Mpiga ngoma, kwa hofu, aliiachia ngoma kubwa. Ilitua chini kwa kishindo kimoja.

Ukuta haukuanguka palepale. Ulikaa kidogo, kana kwamba unafikiri kweli. Kisha paji la uso likafunguka, na Mheshimiwa aliyechorwa akalala kifudifudi juu ya viti vyote vyeupe. Vumbi likafunika uwanja. Lilipotulia, mtoto mmoja maturubaini akaanza kulia, na Hidaya akaanza kuwahesabu kwa kuwagusa vichwa, akahesabu, akarudia, na alipofika kwa Zamda mkono wake ukakaa pale kichwani, ukakataa kuondoka.

Serikali ilitoa tamko siku hiyohiyo. Ilisema kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa, kiongozi amewaambia wananchi ukweli hadharani, kwa sauti, tena kabla ya madhara. Mheshimiwa Tindwa akatunukiwa Nishani ya Uwazi, Daraja la Kwanza. Bashiru Ndomba akafukuzwa kazi kwa kosa la kubuni itifaki na kumtia Waziri vumbi. Ili haki itendeke kwa uwazi, barua yake ya kufukuzwa ilisomwa redioni, na mtangazaji mpya, kijana mwenye sauti kavu, akaisoma vibaya sana.

Ukuta haukutajwa. Fedha zilikuwa zimekwisha kwenye sherehe, na shughuli ya kumvisha Mheshimiwa nishani nayo ilihitaji sherehe.

Jumatatu iliyofuata, Mama Sijali na wazazi wenzake walibeba madawati kutoka kwenye kifusi, wakayapitisha sokoni vichwani, wakayapanga ndani ya ukumbi wa Halmashauri. Hidaya akaingia na watoto wake, akatundika ubao juu ya kiti cha Mwenyekiti, akaanza pale walipoishia, kutoa kwa kukopa. Mgambo walikuja. Mama Sijali aliwauliza kama wao ndio watakaomweleza Waziri kwamba mwenye Nishani ya Uwazi amewatoa watoto nje wanyeshewe mvua. Mgambo wakasema wanakwenda kuuliza, na hawakurudi.

Kwa hiyo kikao cha bajeti kilichofuata kilifanyika uani. Bashiru alikuwa pale, amekuja kumchukua Zamda, maana siku hizo hakuwa na pengine pa kwenda. Alijibanza chini ya upenu. Madiwani walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi, nishani inang'aa kifuani kwa Mheshimiwa, na walikuwa ndiyo kwanza wamefungua kikao mvua iliposhuka.

Mheshimiwa alikimbilia mlangoni. Ukafunguka kidogo, Hidaya akatoa kichwa.

"Tunaomba kuingia, Mwalimu."

"Subirini, Waheshimiwa. Watoto wana mtihani."

"Tutalowa!"

"Poleni. Nafasi ni ndogo. Madarasa ya shule yangekuwa mazima, msingekuwa na tabu hii."

Mlango ukafungwa. Mheshimiwa alimwona Bashiru. "Bashiru, ndugu yangu. Zungumza na mkeo."

"Mheshimiwa, mimi si mtumishi tena," alisema Bashiru, kwa ile sauti. "Nikiingilia taratibu za ofisi nitakuwa nimevunja sheria."

Madiwani walitazamana, maji yanawatiririka puani. Mmoja alitamka neno ukuta. Mwingine akasema anaunga mkono, wa tatu akasema anaunga mkono kabla ya kuulizwa, na mikono ikaanza kupanda, maji yakiingia mikononi mwa makoti. Wa mwisho alikuwa Mheshimiwa Tindwa. Alitazama mlango, akatazama mbingu, akanyoosha mkono juu.

Hidaya, aliyekuwa akichungulia kwenye tundu la ufunguo, alisubiri mkono huo ufike juu kabisa. Ndipo akafungua.

"Ingieni taratibu," aliwaambia, akiwaonyesha madawati ya nyuma. "Kaeni kimya. Wenzenu wanaandika."